Mgongo wa Herse

Josyne, mke wa Lenaert mchoraji, alikuwa na wivu, na mtaa mzima wa nyuma ya kanisa la Mtakatifu Andrea ulilijua hilo kama ulivyozijua saa za kengele. Si wivu wa kununa siku mbili ukaisha. Alipokuwa na miaka saba, baba yake, fundi wa vitana vya pembe, alimletea dada yake kofia nyekundu kutoka sokoni, na yeye akamletea ya kijivu. Miaka arobaini baadaye dada alishazikwa zamani, na Josyne akikutana na kofia nyekundu barabarani bado aligeuza uso.

Sasa mtu wa namna hiyo, kati ya wanaume wote wa Antwerp, akaenda kuolewa na mchoraji wa miungu. Lenaert hakuchora matunda wala meli, wala waheshimiwa na kola zao. Alichora visa vya miungu wa kale, na visa hivyo, tuseme ukweli, ni vya watu wasiopenda nguo. Venasi anaamka, Diana anaoga, Jupita anajigeuza fahali, kesho tai, keshokutwa mvua ya dhahabu, yote hayo apate kupenya kwa wake za watu. Josyne alimchukia Jupita waziwazi, kama unavyomchukia jirani anayemharibia mumeo tabia. Kila alipoambiwa asage rangi nyekundu ya joho lake, aliisaga kwa kinyongo.

Lakini kazi aliijua, tena sana. Yeye ndiye aliyechemsha mafuta ya kitani, aliyepaka turubai gundi ya sungura, aliyesaga rangi mpaka zikalainika kama siagi. Aliyafanya hayo miaka ishirini na minane, huku akizaa watoto wanne, akazika wawili, akaozesha wawili kule Mechelen. Hakuna mungu aliyetoka nyumba ile kwenda kwa mnunuzi bila kupita mikononi mwake, na hakuna mungu wa kike aliyetoka bila kukaguliwa. Mwaka fulani Josyne aliona kuwa Venasi amefanana na mke wa muuza mikunga. Alisusa kusaga rangi siku tatu, hadi Lenaert akaifuta pua ya Venasi na kuweka ya mkewe. Mnunuzi alipokuja aliuliza kama mungu huyo alikuwa na mafua.

Hayo tuliyacheka. Ya mwaka ule mwingine hayakuwa na kicheko.

Ilikuwa baada ya Pasaka, Josyne akiwa na miaka arobaini na saba. Mfanyabiashara mmoja aliagiza turubai kubwa la kupeleka Seville, naye alitaka kisa cha Merkuri na wale binti wawili wa mfalme. Lenaert alimsimulia mkewe kisa hicho mezani, huku anamchambua samaki wake miba. Mungu Merkuri, mwenye kofia ya mabawa, anampenda binti mdogo, Herse, anakuja kumtembelea chumbani. Dada mkubwa, Aglauro, wivu unamkaba. Anaenda kukaa kwenye kizingiti, anamwambia mungu, mimi sitoki hapa mpaka wewe uondoke. Merkuri anamjibu kwamba vizuri, kaa hapo hapo, na anamgeuza jiwe.

Josyne aliuliza kosa la huyo dada lilikuwa nini hasa. Lenaert alicheka, akaomba mkate.

Wiki ya pili Josyne alipanda karakanani na chupa ya mafuta, na hapo ndipo alipouona mgongo. Herse alikuwa kitandani, ameamka sasa hivi, amewapa watazamaji mgongo, shimizi imemteremka hadi kiunoni. Merkuri alikuwa bado mistari tu ya chaki. Kwenye kizingiti, aliyekaa hakuwa na uso, palikuwa na doa la rangi ya udongo. Lakini mgongo ule ulikuwa umekamilika, na haukuwa mgongo wa kubuni. Josyne alikuwa ameiona migongo ya kubuni mia. Ile huwa laini, ya jumla jumla, kama unga uliokandwa. Huu ulikuwa na bega moja lililopanda kidogo kuliko jingine, na chini ya bega la kushoto kulikuwa na kidoa cheusi, kidogo kama punje ya pilipili manga.

Mtu habuni kidoa. Josyne aliweka chupa mezani, akashuka ngazi, akakaa jikoni na mikono mapajani. Kuna mwanamke, alijisemea. Kuna mwanamke anakuja humu nyumbani mwangu, anavua nguo, na mume wangu anamtazama kwa utulivu wote huo mpaka anakiona kidoa.

Kumuuliza Lenaert hakutaka. Akimuuliza atadanganywa, na akidanganywa itabidi ajifanye ameamini, na kujifanya hakumudu tangu utotoni. Alitaka kumkamata kwa macho yake. Kwa hiyo kesho yake alichukua kiti kifupi na kisanduku chake cha makaa cha kupashia miguu joto, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha karakana. Lenaert alipomuuliza vipi, alisema jikoni kuna moshi.

Alikaa hapo wiki sita. Alimenya njegere hapo, akatia viraka soksi hapo, akala mkate wake wa shayiri hapo hapo. Mlango aliuacha wazi nusu, aone ndani na aone ngazi; turubai pekee ndilo lilimpa mgongo. Hakuja mwanamke yeyote. Mtu mwingine angetulia, lakini Josyne ndiyo kwanza roho ilizidi kumchoma, maana ilimaanisha huyo mwanamke alikuwa anapewa taarifa. Anakuja nikiwa sokoni, aliwaza, anakuja nikiwa misani. Akaacha kwenda misa ya asubuhi. Na Lenaert, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha kipindi hicho kuliko miaka kumi iliyopita. Alichora huku anavuma wimbo puani. Mara nyingine alisimama brashi mkononi, akatazama upande wa mlango muda mrefu, na Josyne alijua kabisa kwamba anaangalia kama mlinzi amesinzia.

Ijumaa ya wiki ya sita samaki waliisha, ikabidi aende sokoni. Alirudi mbio, kikapu kinamgonga gonga mguuni, na kwenye ngazi akakutana na Digna.

Digna alikuwa mfuma lesi wa nyumba ya mbele, binti wa miaka ishirini na miwili, mwenye shingo ndefu na nywele za rangi ya asali, nywele zile zile za Herse. Alikuwa amechumbiwa na seremala wa meli, mtoto wa Bi Machteld, yule mwenye banda la kufulia. Alimwamkia Josyne kwa heshima zake, akasema Bwana Lenaert alimwomba kipande cha lesi akitazame, apate kuchora ukingo wa shimizi, naye amekileta. Kisha akashuka zake. Josyne alitazama kikapu kitupu mkononi mwa binti huyo, akatazama ile shingo, na hesabu yote ikamkamilikia kichwani.

Jumatatu wanawake wote wa mtaa walikuwa bandani, mikono imezama kwenye maji ya moto. Josyne aliingia bila nguo za kufua. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pipa la Digna.

"Geuka," alimwambia, "niuone mgongo wako."

"Mgongo wangu una nini, Bi Josyne?"

Josyne alimshika bega, akamgeuza, akaivuta ile kamba ya kizibao mpaka ikakatika, akaishika shimizi kwa mikono miwili na kuichana hadi kiunoni. Kitambaa kilitoa sauti iliyosikika banda zima. Mgongo wa Digna ulikuwa mweupe kama sahani, mabega sawasawa, hauna doa hata la kusingiziwa. Digna aliziba kifua kwa nguo mbichi, akaanza kulia kimya kimya, na hicho kilio cha kimya kilikuwa kibaya zaidi.

Bi Machteld alimtoa Josyne nje kwa kumshika mkono, kama anavyotolewa mlevi. Na kabla hajafunga mlango alitaka kujua sababu, naye Josyne, kwa kuchanganyikiwa, aliisema yote: turubai, Herse, mgongo, kidoa. Alikusudia kujitetea. Kumbe ndipo alipoharibu. Kufikia jioni habari ilikuwa imetiwa chumvi na kupikwa upya: kwamba binti wa lesi anamvulia nguo mchoraji, mkewe ndiye aliyemfumania, na kidoa kipo lakini kilifutika kwa sabuni. Bi Machteld alipeleka ujumbe kwa mama yake Digna kwamba harusi ingoje kwanza, hadi ijulikane mgongo ule ni wa nani.

Lenaert aliisikia habari hiyo kwa muuza mkate. Alirudi nyumbani, akamkuta mkewe jikoni, akamwambia apande juu. Hakugomba. Josyne angefurahi kama angegomba. Alifungua kasha la karatasi, lile ambalo kila mchoraji analo, lenye michoro yake yote ya tangu ujana, mkono huu, farasi yule, mkunjo wa pazia, kila kitu anachoweza kukihitaji tena siku moja. Alichimba hadi chini kabisa, akatoa karatasi moja iliyoanza kuwa kahawia, akamkabidhi.

Kwa chaki nyekundu, mwanamke amelala kifudifudi, shimizi imeteremka, bega moja limepanda, na kidoa. Pembeni, kwa mwandiko wa Lenaert wa zamani: Josyne amelala. Joto kali. Na mwaka, ambao ulikuwa mwaka wao wa kwanza wa ndoa, walipokaa kile chumba cha juu kwa baba yake Josyne, fundi wa vitana.

Josyne aliisoma mara mbili.

"Mimi sina kidoa," alisema.

"Unacho."

"Sina, Lenaert. Mwili ni wangu, ningejua."

"Wewe mgongo wako umeuona wapi?"

Kweli, angeuona wapi? Kioo cha nyumbani kilikuwa cha ukubwa wa kiganja, cha kutazamia pua. Mama yake alikufa yeye akiwa mchanga, na yeye na dada wa kofia nyekundu hawakuwa watu wa kusuguana migongo. Miaka arobaini na saba alikuwa anatembea na kidoa kile, na mtu mmoja tu duniani alikuwa anakijua, wala hakuwahi kuona haja ya kukitaja. Lenaert alidhani mtu anajua vitu vyake.

Lenaert alileta kioo kikubwa cha kazini, akakiegemeza ukutani, akampa kile kidogo mkononi na kumwonyesha jinsi ya kusimama. Josyne alilegeza kamba, akateremsha shimizi, akatazama. Kidoa kilikuwepo. Bega lilikuwepo, limepanda vile vile. Lakini mgongo wenyewe ulikuwa wa mwanamke aliyebeba ndoo za maji miaka thelathini, mpana, umekunjamana kwenye mbavu, una alama za kamba. Aliangalia turubai, akaangalia kioo, akaangalia tena turubai. Alingoja ule wivu umtoke, maana sasa hapakuwa na mwanamke. Haukutoka. Ulikuwa pale pale, tena na makali mapya.

"Angekuwa Digna," alisema taratibu, "ningemhamisha mtaa. Huyu nitamfukuzia wapi?"

Lenaert akajifanya anatafuta kitambaa. Josyne alijifunga nguo, akageuka kuondoka, na ndipo macho yake yakaangukia kizingiti, kile cha kwenye turubai. Doa la udongo lilikuwa limekwisha kupata uso. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, magoti yamebana, kidevu mbele, ameshikilia pembe ya aproni kama anataka kuikamua. Jicho moja limeelekea ndani chumbani, jingine ni kama linasikiliza ngazi. Mwili ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu kuanzia miguuni, ule ujiwe unapanda.

"Na huyu?" aliuliza. "Huyu umemtoa kwenye karatasi gani?"

Lenaert aliifuta brashi muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Huyo sikuhitaji karatasi, mke wangu. Amekaa hapo mlangoni wiki sita."

Josyne alikaa chini. Alisema afute. Alisema afute sasa hivi, kama alivyoifuta pua ya Venasi. Lenaert alisema atafuta, akachukua kisu cha kukwangulia, akasogea kwenye turubai, na alikuwa anakwenda kweli. Josyne alimtazama anavyosogea, kisha akautazama uso. Hakusaga rangi miaka ishirini na minane bure. Alijua mungu gani ni wa kujaza nafasi na yupi amechorwa. Merkuri alikuwa wa kujaza nafasi, mvulana wa kofia tu. Hata Herse, pamoja na mgongo wake, alikuwa nakala ya karatasi. Mtu mwenye pumzi kwenye turubai lile alikuwa mmoja tu. Na zile siku zote mumewe aliposimama brashi mkononi na kuangalia mlangoni, alikuwa anamwangalia yeye.

"Acha," alisema. Kisha akalia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na Lenaert akashuka kumletea bia.

Turubai lilitolewa uani kesho yake, maana jua lilikuwa zuri na rangi zilikawia kukauka. Uani kwa Lenaert kunaonekana na kila anayepita kwenda bandani. Josyne alijifungia ndani. Siku ya pili alisikia kwamba mama yake Digna amelala kitandani kwa aibu. Siku ya tatu alisikia kwamba seremala amekuja, amezungumza na mchumba wake mlangoni bila kuingia, amerudi bandarini. Alijaribu kumtuma Lenaert akaeleze, naye Lenaert akasema ukweli mchungu, kwamba maneno ya mchoraji kuhusu migongo ya wanawake hayaaminiwi na mtu, na karatasi ataambiwa ameichora jana. Josyne alijua shahidi ni mmoja tu. Alijua na mahali pa kumpeleka.

Jumatatu alikwenda bandani. Digna alikuwa peke yake kwenye pipa la mwisho, na pembeni yake hakusimama mtu. Josyne alimkabidhi shimizi mpya ya kitani aliyoishona usiku mbili, Digna akaiweka kando bila kuitazama. Basi Josyne akasimama katikati ya banda, akawapa mgongo wote kwa pamoja, akafungua kamba za kizibao chake, moja moja. Aliteremsha shimizi hadi kiunoni. Mvuke ulikuwa mwingi, lakini si wa kumficha mtu.

"Niliyekuwa namtafuta ni huyu," alisema. "Digna mikono yake safi. Alileta lesi."

Alisikia viatu vya mbao vya Bi Machteld vinakuja juu ya mawe, vinasimama nyuma yake. Kisha akahisi kidole gumba chenye sabuni kinamsugua chini ya bega, kwa nguvu, mara tatu nne, maana mke wa mchoraji hashindwi kujipaka rangi. Bi Machteld alikitazama kidole chake. Kilikuwa cheupe. Akasugua mara nyingine moja, kwa uhakika, kisha akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwamba harusi iko pale pale, Jumapili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na mwenye maneno akayaseme kanisani.

Josyne alibaki amesimama, hajui kama anaruhusiwa kujifunika. Ndipo alipohisi mkono mwingine, mdogo, unaipandisha mikanda ya shimizi mabegani mwake. Alikuwa Digna. Josyne alianza kuomba radhi, maneno yakamgongana. Alisema hakujua, alisema mgongo mtu hauoni, alisema hata wao wenyewe walilitazama lile turubai wiki nzima pale uani na hawakumtambua.

"Uso tuliutambua siku ile ile ya kwanza, Bi Josyne," alisema Digna, huku anazivuta kamba. "Mgongo ndio ulitushinda."

Mtu mmoja alicheka upande wa mlangoni, kisha wawili, kisha banda zima. Digna hakucheka. Alimfunga kizibao hadi juu, akakaza fundo la mwisho zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, akairudia kazi yake. Bi Machteld akawakumbusha kwamba maji yanapoa.